Mama alikuwa anaendelea vizuri na imatinib, hiyo T315I imetokea wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, aligundulika na saratani ya damu aina ya CML mwaka 2020, akaanzishiwa imatinib miligramu 400 kila siku na ikamkubali kweli, bandama ikarudi, damu ikatulia, kipimo cha BCR-ABL kikashuka mpaka 0.05%. Tangu mwaka jana kinapanda, kilianza 0.4, kikaja 3, sasa hivi 14, na majibu ya juzi yanasema kuna mutesheni inaitwa T315I na imatinib haitamsaidia tena. Jirani yetu anasema mwili umeshazoea dawa, tumpumzishe miezi mitatu halafu aanze upya. Mimi nashindwa kuelewa, saratani ilijuaje dawa anayomeza mpaka ikatafuta njia ya kuikwepa? Kipindi cha msiba wa baba alikuwa anaruka dozi, je ndo tumesababisha sisi? Na sisi watoto wake tuko salama?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana kwa msiba na poleni kwa haya majibu. Nianze na la haraka. Hilo la kumpumzisha mama miezi mitatu msilifanye, hata kama hutasoma zaidi ya hapa naomba ubaki na hilo moja. Mama yuko 14% na anapanda, akikaa bila dawa yoyote hata zile seli ambazo imatinib bado inazikandamiza zitafumuka, na CML iliyoachiwa hivo inaweza kuvuka kutoka hatua ya kwanza, ile tulivu, ikaingia hatua ya kasi na baadaye kuwa lukemia (saratani ya damu) kali kabisa, na huko matibabu ni magumu mara nyingi zaidi. Dawa ibadilishwe ndiyo, ila daktari wake ndo aseme lini anaacha hii na lini anaanza ile.

Sasa swali lako, saratani ilijuaje. Haikujua chochote. Seli haina namna ya kuisoma dawa halafu ikajiandikia mutesheni ya kuikwepa. Kilichotokea ni bahati mbaya ya kunakili DNA, ilitokea kwenye seli moja, na kuna uwezekano mkubwa tu kwamba ilitokea kabla mama hajameza kidonge cha kwanza. Nataka nikueleze hili taratibu maana watu wengi sana wanaouguza wanabeba lawama isiyo yao kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Turudi mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1960 pale Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford walikuwa wanaangalia kromosomu za wagonjwa wa CML kwenye hadubini wakaona kuna moja ndogo isivyo kawaida, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia mpaka leo. Ilichukua miaka 13 mpaka Janet Rowley wa Chicago, mwaka 1973, akaonyesha kwamba kile kipande hakikupotea, kilihamia kwenye kromosomu namba 9, na cha namba 9 kikaja kwenye namba 22, yaani zilikatika zote mbili na kwenye kuungwa zikabadilishana vipande. Pale zilipounganishwa kimakosa jeni mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote, BCR na ABL, zikashonwa kuwa jeni moja. Ndo hiyo BCR-ABL unayoiona kwenye karatasi ya majibu.

ABL peke yake ni protini ya kawaida, wewe unayo mimi ninayo. Kazi yake ni kuchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, na kubandikwa huko ndo amri ya seli kugawanyika, kukua, kutokufa. ABL ya kawaida inazimwa na kuwashwa inapohitajika. Ikishashonwa na BCR haizimiki. Seli moja mama ya damu ndani ya uboho ikipata hiyo jeni inaanza kuzaa kuliko wenzake, watoto wake nao wanayo, wajukuu wanayo, na baada ya miaka kadhaa mtu anakuja hospitali na chembe nyeupe laki moja, laki mbili, bandama imejaa tumbo zima mpaka akila kidogo ameshiba, anatoka jasho usiku, na mara nyingi huku kwetu ameshatibiwa malaria mara kadhaa kwa sababu ya hilo bandama.

Kitu kinachofanya CML iwe tofauti na saratani nyingi ni kwamba mwanzoni hiyo ajali moja inatosha. Saratani ya utumbo mpana kwa mfano, Bert Vogelstein na wenzake walionyesha miaka ya 1980 mwishoni na 1990 kwamba inapanda ngazi, mara nyingi jeni ya APC inaharibika kwanza, inakuja ya KRAS, baadaye ya TP53, kila hatua inaongeza ukorofi na inachukua miaka. Kwa hiyo kwenye utumbo au mapafu ukizima jeni moja bado zipo nyingine zinaendesha. Kwenye CML ya hatua ya kwanza ukiizima BCR-ABL ugonjwa mzima unaanguka, na hapo ndo imatinib ilipopatia.

Imatinib imetengenezwa ikae palepale ATP inapokaa kwenye ABL, ikishakaa pale ATP haina pa kuingia, hakuna fosfeti, hakuna amri. Nicholas Lydon alikuwa kwenye kampuni ya dawa kule Uswisi, Brian Druker alikuwa daktari kule Oregon, wagonjwa wa kwanza walianza kuimeza mwaka 1998 na kwenye ripoti ya 2001, kati ya wagonjwa 54 wa hatua ya kwanza waliopata miligramu 300 au zaidi, damu ya 53 ilirudi kawaida. Wagonjwa 53! Kabla ya hapo ilikuwa interferoni, sindano zinazochosha mwili, au kupandikizwa uboho. Mama yako kuishi miaka hii yote akipika, akienda kwenye harusi na misiba kama watu wengine, ni matunda ya kazi hiyo, na kwa nchi zetu ni matunda pia ya mpango wa msaada ambao Novartis na The Max Foundation walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliowafikishia dawa bure wagonjwa wengi wa Kenya na Tanzania ambao wasingeweza kuinunua hata mwezi mmoja.

Haya, tuje kwenye T315I. Fanya hesabu na mimi kidogo. Mtu anapogundulika na CML anaweza kuwa na seli za lukemia zinazofikia trilioni moja. Kila seli inapogawanyika inanakili herufi za DNA bilioni 6, bilioni 3 za upande wa baba na bilioni 3 za upande wa mama. Mashine ya kunakili ni makini mno na ina wakaguzi wake, ila bado makosa machache yanapita karibu kila mgawanyiko. Sasa ukishakuwa na trilioni ya seli zilizotokana na migawanyiko hiyo, karibu kila kosa la herufi moja unaloweza kulitaja limeshatokea mahali fulani, kwenye seli fulani. Mengi hayana maana yoyote. T315I ni mojawapo ya hayo makosa, herufi C imekuwa T, basi, herufi moja. Pale kwenye nafasi ya 315 ya protini ya ABL, ilipotakiwa kukaa threonini imekaa isolusini, zote ni asidi amino, vipande vya kujengea protini. Threonini ilikuwa inashikana na imatinib kwa kifungo cha haidrojeni, isolusini haiwezi kushika hivo na juu ya hapo imejaa pale mlangoni, imatinib haipati nafasi ya kukaa. Lakini ATP bado inaingia bila shida, kwa hiyo BCR-ABL inaendelea na kazi yake kama vile hakuna dawa.

Kabla ya dawa hiyo seli haikuwa na faida yoyote, ilikuwa moja kati ya mabilioni na hakuna kipimo kingeiona. Dawa ilipoanza wenzake wakafa, yeye akabaki na uwanja wote. Ni kama ziwani, mkivua miaka na miaka kwa nyavu za macho makubwa mwisho mnabaki na samaki wadogo watupu, na wavu haukumfundisha samaki yeyote kuwa mdogo, ulichukua tu wale uliokuwa unaweza kuwachukua.

Na hili halikuanzia kwenye saratani. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuza bakteria kwenye vyombo vingi vilivyotengana, halafu wakazimwagia virusi vinavyoua bakteria. Wakajiuliza, kama bakteria wanajifunza usugu baada ya kukutana na kirusi, basi kila chombo kitatoa idadi inayokaribiana ya walionusurika. Haikuwa hivo. Vyombo vingine hakuna hata mmoja, vingine wachache, na vingine walijaa tele, kwa sababu kwenye vile vilivyojaa mutesheni ilikuwa imetokea mapema, vizazi vingi kabla ya kirusi kuletwa, na ukoo wake ukapata muda wa kuongezeka. Jaribio lile nalipenda kuliko majaribio yote ya jenetiki kwa sababu halikuhitaji mashine yoyote ya ajabu, lilihitaji mtu wa kuhesabu na kufikiri. Halafu mwaka 1976 nani akaandika kwamba uvimbe wa saratani nao ni ukoo unaobadilika na kuchujwa hivohivo, kloni moja (kundi la seli za ukoo mmoja) inazaa nyingine, inayofaa mazingira ndo inatawala? Peter Nowell, yuleyule wa kromosomu ya Philadelphia ya 1960. Wakati huo hakukuwa na namna ya kusoma jeni za uvimbe mzima, ilibidi miaka ipite mpaka mashine zikaja kuonyesha kwamba alikuwa ameona mbali.

Kwenye CML uthibitisho ulikuja haraka. Mwaka huohuo wa 2001 imatinib inaruhusiwa Marekani, maabara ya Charles Sawyers kule Los Angeles ikaangalia wagonjwa 9 wa hatua zilizoendelea ambao dawa iliwakubali halafu ikawakataa. Sita kati yao walikuwa na badiliko lilelile, T315I. Kwa wagonjwa wengine watatu BCR-ABL ilikuwa imejiongeza nakala, nyingi mpaka dozi haitoshi kuzizima zote. Na baada ya hapo watafiti wakarudi kwenye sampuli za damu zilizohifadhiwa tangu kabla ya matibabu, kwa kipimo chenye macho makali wakaikuta T315I kwa baadhi ya wagonjwa ambao walikuwa hawajawahi kuona imatinib. Ilikuwepo tayari.

Hapa utaniuliza, kama iko hivo mbona si kila mgonjwa anapata usugu? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba seli nyingi za lukemia ni seli zilizokomaa, zinaishi siku chache zinakufa na mutesheni zao. Ili usugu uwe tatizo ni lazima kosa lianguke kwenye seli inayojizalisha yenyewe kwa muda mrefu, zile seli mama kwenye uboho, na hizo ni chache. Ndo maana wagonjwa walio wengi wanaoanza imatinib mapema wanakaa miaka na miaka bila tatizo, kwenye utafiti mkubwa wa IRIS ulioanza mwaka 2000 zaidi ya 80% ya waliopangiwa imatinib walikuwa hai baada ya miaka 10. Mama yako ameangukia upande wa wachache.

Kwa hiyo jirani, namheshimu na najua anawatakia mema, lakini mwili wa mama haujazoea kitu. Ini lake linaichakata imatinib kama zamani, na seli za lukemia zisizo na T315I ukiziwekea imatinib leo zinakufa. Kilichobadilika ni wakazi, nani wamebaki ndani ya uboho. Akipumzika unajua nini kitatokea? Zile seli zinazosikia dawa zitarudi kwa wingi, T315I itaonekana kama imepungua kwenye majibu kwa sababu imechanganyikana na wengine, mtafurahi, halafu akirudia imatinib hizo zitachujwa tena na T315I itarudi palepale, safari hii ikiwa na ugonjwa mkubwa zaidi nyuma yake. Pengine mmesikia kuna wagonjwa wa CML wanaacha dawa na wanabaki salama, ni kweli wapo, Wafaransa walifanya utafiti wa watu 100 ambao walikuwa hawaonekani na BCR-ABL kabisa kwa angalau miaka miwili mfululizo, wakaacha imatinib, na takriban 4 kati ya 10 ugonjwa haukurudi. Wengine ulirudi, wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza, na waligunduliwa mapema kwa sababu walikuwa wanapimwa mara kwa mara. Hiyo ni habari ya watu waliofika chini kabisa wakakaa huko. Mtu wa 14% hayumo humo.

Sasa hili la msiba. Nimeona jinsi ulivyoliuliza na nataka nikujibu ukweli wote, si wa kukufariji tu. Kuruka dozi kuna madhara, hilo lina ushahidi, madaktari wa London walichapisha mwaka 2010 wakiwa wamefuatilia wagonjwa kwa vifuniko vya chupa vinavyorekodi kila inapofunguliwa, na waliomeza zaidi ya 90% ya dozi zao karibu wote walitegemewa kufika chini ya 0.1% ndani ya miaka sita, waliomeza pungufu ya hapo ni kama 3 tu kati ya 10. Seli zikiachwa hai zinagawanyika, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kosa. Lakini T315I haiwi kali zaidi kwa kuruka dozi wala haifi kwa kumeza dozi zote. Kama seli ile ilikuwepo, mama angemeza kila siku saa ileile bila kukosa na bado ingetoka. Na kipimo chake kilikuwa 0.05, maana yake miaka ile alimeza vizuri kabisa. Wiki chache za kuzika mume haziwezi kubebeshwa mzigo huu. Mwambie mama hivo, kwa maneno yako, maana kama wewe umeuliza yeye amejiuliza mara nyingi zaidi.

Kuna kitu kingine naomba muangalie kwa sababu huku kwetu kinatokea na watu hawakisemi klini. Kuna dawa zinazolifanya ini liichakate imatinib haraka kupita kiasi mpaka kiwango kwenye damu kinashuka sana, na ya kwanza kwenye orodha ni rifampisini, ile ya TB. Efavirenz ya kwenye ARV, fenitoini na karbamazepini za kifafa, nazo zinafanya hivohivo. Hizo haziwezi kuleta T315I, lakini zinaweza kuipandisha BCR-ABL hata bila mutesheni yoyote, na zinagusa pia dawa mpya atakayopewa. Balungi nalo linafanya kinyume, linapandisha kiwango. Na mitishamba yoyote anayokunywa, hata ile ya kuongeza damu, daktari aijue, hakuna wa kumgombeza.

Nimeitaja TB, ngoja nitumie hapohapo, maana wengi wetu tumeuguza mgonjwa wa TB. Kwa nini TB inatibiwa kwa dawa nne pamoja? Kwa sababu bakteria sugu kwa isoniazidi anapatikana kama mmoja katika milioni, sugu kwa rifampisini mmoja katika milioni 100, ila wa kukataa zote mbili kwa mpigo ni mmoja katika trilioni 100, na mapafu hayana bakteria wengi kiasi hicho. ARV ni mantiki hiyohiyo. Saratani pia, limfoma ya Burkitt ambayo Denis Burkitt aliielezea akiwa Kampala mwaka 1958, inakua kwa kasi ya kutisha kwenye taya za watoto, chanzo chake jeni ya MYC imehamishwa kwenye kromosomu nyingine, na bado watoto wengi wanapona kwa dawa kadhaa zinazopiga sehemu tofauti kwa wakati mmoja.

Kwa CML ugumu ni kwamba dawa nyingi za ukoo wa imatinib zinakaa kwenye shimo lilelile. Dasatinib na nilotinib zilitengenezwa kushinda mutesheni nyingi zinazoikataa imatinib, na zinafanya kazi hiyo vizuri tu, bosutinib vilevile, ila T315I inazizuia zote tatu. Kwa hiyo mtu akiwaambia aongezewe imatinib iwe 800, au apewe dasatinib au nilotinib kwa sababu ndo iliyopo duka la dawa, muulizeni kwa adabu kama ameona hayo majibu ya mutesheni. Hapa ndo naona thamani ya kile kipimo mlichofanya, bila hicho mama angepewa dawa ya pili, miezi ingepita, hela zingekwisha, na ingekuwa haigusi kitu.

Zilizopo kwa T315I ni mbili hasa. Ponatinib iliundwa makusudi kwa ajili hiyo, imewekewa mkono mwembamba ulionyooka unaopita pembeni ya isolusini bila kugongana nayo. Asciminib inafanya kitu tofauti kabisa, haiendi kwenye shimo la ATP, inakwenda kwenye shimo jingine upande wa nyuma wa protini na kuikunja mpaka inazimika, na kwa T315I dozi yake ni kubwa kuliko ya wagonjwa wengine. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2021. Zote mbili ni ghali na kwetu hazipatikani kirahisi, imatinib iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu za WHO mwaka 2015, dasatinib na nilotinib 2017, hizi nyingine bado, kwa hiyo njia ni daktari wa mama kuomba kupitia mipango ya msaada, na ombi hilo liandikwe sasa, mkisubiri klini ya miezi mitatu ijayo mtakuwa mmepoteza muda. Kupandikizwa uboho nalo lijadiliwe, hata kama jibu litakuwa hapana, ila ndugu zake wa tumbo moja wajulikane ni nani na wako wapi.

Kuhusu nyinyi watoto, tulia kabisa. Ile kukatika kwa kromosomu 9 na 22 kulitokea kwenye seli moja ya uboho wa mama akiwa mtu mzima, mayai yaliyowazaa nyinyi hayakuguswa. CML hairithiwi. Inapata mtu mmoja hivi au wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, chanzo kinachojulikana vizuri ni mionzi mikali, walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki waliipata zaidi, na wagonjwa wengi hawana sababu yoyote ya kuonyeshwa. Kuna saratani nyingine ambazo mlango unarithiwa kweli, BRCA1 na BRCA2 za matiti na ovari, RB1 ya jicho kwa watoto wadogo, mtoto ukimpiga picha mboni moja inang'aa nyeupe apelekwe haraka, ila hizo si habari ya familia yenu kwa haya uliyoniandikia.

Mkienda klini muulize mambo haya. Mama yuko hatua gani sasa hivi, ya kwanza au ameshavuka, na kama uboho umeangaliwa tena, maana seli zinazokaa muda mrefu zikigawanyika zinaweza kukusanya hitilafu nyingine juu ya T315I, kromosomu ya ziada, TP53 kuharibika, na hilo linabadilisha mpango mzima. Uliza T315I ni sehemu gani ya BCR-ABL yote, kipimo cha kawaida cha kusoma mpangilio wa herufi kinaiona ikishafika kama 15 hadi 20%, vya kisasa vinaona chini ya hapo. Na uliza BCR-ABL itapimwa lini tena na wapi. Hospitali yenye mashine ya GeneXpert, ileile ya TB, inaweza kupima BCR-ABL ikipata katriji zake, nawasihi msisitize kwenye hili, mpime sehemu moja na mkifika mtaani msipoteze karatasi hata moja, kwa sababu namba moja peke yake haisemi kitu, mwendo wa namba ndo unaosema. Baada ya dawa mpya tunataka miezi mitatu awe chini ya 10, akiwa hajashuka msisubiri mwaka. Inawezekana pia seli ikapata mutesheni ya pili kwenye BCR-ABL ileile yenye T315I, na mchanganyiko wa hivo unaweza kuikataa hata ponatinib, kwa hiyo kupima hakukomi hata akifanya vizuri.

La mwisho ni la usalama wake. Ponatinib inaweza kuziba mishipa ya damu, ya moyo, ya ubongo, ya miguu, ndo maana siku hizi wanaanza na dozi kubwa kisha wanaishusha ugonjwa ukishapungua. Kabla hajaanza apimwe presha, sukari, mafuta kwenye damu na moyo, kama ana presha itulizwe kwanza, na nyumbani muwe na mashine ya kupimia. Akianza kuumwa kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kuwa mzito au kufa ganzi, macho kuona ukungu ghafla, au mguu kuuma na kuwa wa baridi, ni hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku iwe Jumapili, na mkifika pale tajeni jina la dawa anayomeza kabla ya kitu kingine chochote.